Watoto Niliowaficha Siku ya Kupimwa

Uriri, Migori
Jumapili mchana

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya Wundanyi imekuacha upumue? Mama ameacha kubeba kuni, au bado anajifanya msichana? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una maneno, na nimeyaandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Unakumbuka nilikuambia watu wa takwimu wangezuru shule za Migori na Homa Bay, wapime watoto wanasoma vipi na wanakua vipi, ili ijulikane pa kupeleka walimu wa kusoma na uji wa saa nne? Walikuja muhula uliopita. Darasa langu la gredi ya nne lina watoto tisa wasioweza kusoma hata sentensi moja ya hadithi fupi. Mmoja wao ni Akinyi, ambaye akisimamishwa mbele ya mgeni machozi humtangulia. Niliwaonea huruma, Baba, na sitakudanganya, nilijionea huruma na mimi, maana ni mimi ninayewafundisha. Asubuhi ile niliwatuma wote tisa mtoni wachote maji ya bustani ya shule, nikawaambia wasiharakishe.

Waliobaki walisoma vizuri mno. Wapimaji walitusifu, mwalimu mkuu akaninunulia soda, nami nikainywa.

Likizo ilipoisha orodha ikatoka. Walimu na uji vimekwenda shule za upande wa Sindo, kule ziwani, ambako watoto walipimwa jinsi walivyo. Sisi tumeandikwa kwamba hatuna shida.

Aliyekuja kuniuliza ni mamake Akinyi, mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache. Alinikuta nasahihisha vitabu, akakaa kwenye dawati la mtoto.

"Mwalimu, miwa yangu ikifika kiwanda ya Awendo inapimwa. Hata kilo moja ikipotea nauliza," akasema. "Sasa nyathina, mtoto yangu, siku ya kupimwa ulimtuma maji. Yeye si kitu?"

Nikamwambia nilitaka kumkinga na aibu.

"Aibu nimezoea. Lakini hao wakubwa watajua aje hajui kusoma, kama wewe mwenye unajua umenyamaza?"

Wewe mwenyewe hutuambia mficha uchi hazai, na mimi nilidhani methali hiyo ni ya watu wengine. Tangu siku ile nimewaza sana, Baba. Wakubwa wanajua malori mangapi ya miwa yanapita hapa na daraja lipi limebomoka, kwa hiyo vitu hivyo hupangiwa fedha. Lakini watakaolima, kutibu watu na kulipa kodi miaka ishirini ijayo ni watoto hawa, na kilichomo vichwani mwao hakionekani mpaka mtu aketi nao mmoja mmoja awapime. Anayepanga uchumi hupeleka nguvu pale anapoona pengo. Mimi nililifunika pengo kwa leso, nikajiita mwenye huruma.

Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nakwenda kwa afisa wa takwimu kusema ukweli. Si mtu mbaya, ila aliogopa.

"Wakesho, wachana na hiyo maneno," akasema. "Wewe umeandikwa na bodi ya shule tu, na mkataba yako inaisha mwezi huu. Ukiaibisha shule, nitakutetea aje?"

Nilikwenda hata hivyo. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaripia, na alikuwa na haki. Wiki iliyofuata akarudi shuleni na karatasi zake.

Safari hii nilikaa kando ya Akinyi, mamake akasimama mlangoni. Mtoto alisoma maneno mawili, akakwama kwenye la tatu, akalia kidogo. Afisa akangoja, kisha akaandika alichokisikia. Mama mtu akamfuta uso, akamwambia, "Iko sawa. Sasa wanakujua."

Shule yetu imeingizwa kwenye orodha, na mwalimu wa kusoma anaripoti kesho. Bodi nayo ilikutana Ijumaa, na mkataba wangu haukuongezwa. Najua umeshawaambia wenzako kanisani kwamba binti yako ataajiriwa moja kwa moja. Nisamehe kwa aibu hiyo. Inaniuma, lakini nikipewa siku ile tena nitakwenda kwa afisa vilevile.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza mboga sokoni, na mdogo wangu aliye chuo cha ufundi, na yule jirani fundi viatu anayenidai hadithi za ziwa. Mniwekee godoro, nitafika Alhamisi.

Leo nimekaa nikimwandikia mwalimu mgeni majina ya wale tisa, na kando ya kila jina pale mtoto anapokwama, anachokiogopa na anachokipenda. Karatasi imejaa pande zote mbili. Na yote hayo, Baba, nilikuwa nayajua tangu mwanzo.

Mwanao akupendaye,
Wakesho