Bara la Udongo wa Kichuguu

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

"Afrika ni sahani moja: tambarare, na jua ni lile lile kila mahali. Saa za jiografia katika darasa la sita zigeuzwe saa za jembe."

Ndivyo alivyoandika mkaguzi wa shule. Padri mkuu amenisomea barua kabla ya kengele ya asubuhi, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Tambarare! Mtu huyu analala hapa Élisabethville, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Mwezi wa sita nilimwona amevaa koti la sufu hadi masikioni. Jua lile lile? Ayaulize masikio yake. Sahani, sawa, neno nalikubali. Lakini imepinduliwa. Katikati iko juu, kingo zinaporomoka. Ndiyo maana mito yetu mikubwa haifiki baharini bila kuruka maporomoko. Hilo peke yake ni somo la mwezi mzima.

Nimemwambia padri haya yote, kwa sauti ya juu mno. Akajibu kwamba mkaguzi atakuja Jumamosi tarehe 13. Nimwonyeshe kitu, la sivyo saa zinaondoka.

Nina miaka arobaini na sita. Kumi na tisa nimefundisha jiografia. Nina hasira.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimwonyeshe nini? Ukutani nina ramani moja tu, ya Ubelgiji. Wanafunzi wangu wanataja mito yake yote bila kukosea. Lufira, inayopita nchini mwao, hawajui inaelekea wapi.

Nimeikunja. Iko nyuma ya kabati.

Tutajenga Afrika yetu uani, kwa udongo wa kichuguu, ule ule wa kufyatulia matofali. Hatua kumi na mbili toka kaskazini hadi kusini. Milima juu, mito mifereji, bahari handaki pande zote. Ukimwaga maji, yaende yanakokwenda kweli. Barua inaweza kudanganya. Maji hayawezi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Joto la kungoja mvua. Udongo unakauka mikononi. Sahara tumeweka mchanga mtupu. Kilimanjaro tumeipaka chokaa kileleni. Ethiopia imekula magunia mawili, na bado naiona fupi. Msitu wa ikweta ni majani ya muhogo, yaliyonyauka kabla ya saa sita.

Nimefurahi leo. Naandika hivyo kwa sababu si kawaida yangu.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimemwaga ndoo ya kwanza hapa kwetu, Katanga. Maji yote yakaenda kusini-mashariki, hadi Bahari ya Hindi. Ndoo ya pili, vivyo hivyo. Kongo kavu kama mfupa.

Darasa zima lilicheka. Nikawafokea. Kosa ni langu na silijui liko wapi. Siku saba zimebaki.

Jumatatu, 8 Oktoba

Amekuja Mama Mwape, muuza samaki wa kukaushwa, mzaliwa wa Kasenga. Binti yake yuko darasani kwangu. Aliweka beseni lake chini, akatazama Luapula yangu, iliyonyooka toka ziwa Bangweulu hadi ziwa Mweru. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba mwalimu, ile mayi haiendake vile! Inatokaka mu Bangweulu, inashuka kwanza kule kusini. Kisha inageuka. Njo inapanda kwetu Kasenga."

Nikamwambia kitabu kinasema vingine.

"Kitabu yako ilisha kulowa mu Luapula? Baba yangu alikuwa analoba samaki kule."

Nikamjibu kwamba kuvua samaki si jiografia. Nilisema hivyo, mbele ya binti yake. Akajitwika beseni, akaondoka bila kuniaga.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeazima atlasi kubwa ya padri. Luapula inashuka kusini. Inageuka. Inapanda kaskazini kupita Kasenga. Kama alivyosema, neno kwa neno.

Kile kitabu changu kidogo kilikuwa na mstari tu, mwembamba kama uzi. Miaka kumi na tisa nimeuchora ubaoni.

Nimekasirikia barua ya mkaguzi wiki nzima. Jana nilimfanyia Mama Mwape kile kile anachotufanyia mkaguzi. Aibu.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimemfuata sokoni. Nimemwomba radhi mbele ya wauzaji wenzake, wakapiga vigelegele vya kunidhihaki. Nikavumilia. Kisha nikamuuliza: kitu gani kinaugeuza mto ule?

"Inchi inapanda, baba mwalimu. Kule kusini iko mugongo. Mayi haiwezi kupita."

Mgongo. Ndio ninaoukosa! Uko karibu nasi, kusini mwa mji: upande huu maji ni ya Kongo, upande ule ni ya Zambezi. Mimi nimeacha pale mteremko, kama paa la nyumba.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tumebomoa Katanga, tumeijenga upya. Mgongo umekauka. Mama Mwape alitengeneza kona ya Luapula kwa kidole gumba. Sijajaribu maji. Naogopa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mkaguzi amekuja. Akazunguka bara mara moja, akasema ni mchezo wa udongo. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne mfukoni. Sikuitoa. Nilimpa Mama Mwape fimbo ya kuonyeshea.

Akaeleza mto wake. Padri akatafsiri. Mkaguzi akauliza kwa nini mto usiendelee tu kusini.

"Umwage mayi, bwana. Utaona."

Mkaguzi akachukua ndoo, akamwaga mwenyewe pale Bangweulu, akarudi nyuma kutazama. Maji yakashuka kusini, yakagonga mgongo, yakageuka. Yakapanda Kasenga, yakaingia Mweru, yakakutana na Lualaba. Yakavuka ikweta, yakapinda, yakaivuka tena. Yakatumbukia Atlantiki, ambamo mkaguzi alikuwa amesimama. Viatu vikajaa.

"Sasa bwana naye alisha kulowa," akasema Mama Mwape. Hilo padri hakulitafsiri.

Ndoo ya pili niliimwaga hatua moja ng'ambo ya mgongo. Zambezi, moja kwa moja.

Mkaguzi hakukiri kitu. Ameandika: saa zibaki hadi mwisho wa mwaka wa shule.

Jumapili, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza, baada ya misa. Nilisimama barazani nikitazama bara letu likilainika. Chokaa ya Kilimanjaro ilikwenda mapema. Mgongo ulikaa hadi mwisho.

Kesho nitabandika hii mlangoni mwa chumba cha walimu, jina langu likiwa la kwanza kati ya wanaoambiwa:

Walimu wa darasa la sita, kabla hamjachora mto ubaoni, nendeni sokoni mkamuulize aliyezaliwa kando yake. Mwende wiki hii.