Koroboi Shimoni

Marahaba, mjukuu wangu Kokugonza. Huku Nkwenda mvua haikatiki, maharage yanaozea shambani, na bibi yako hatoki kitandani ila kwa kushikwa mkono. Anakusalimu.

Uliniuliza kwenye simu: hewa ya ukaa haionekani wala haina harufu, sasa sisi wachimba madini ya bati tuliijuaje, bila leza za maabara yenu? Tulishusha koroboi shimoni kwa kamba. Ikizimika, hashuki mtu.

Asubuhi ile kaka yangu Rwegasira aliishusha kama kawaida. Ikawaka vizuri tu. Akacheka, akasema, "Waona? Leo hewa ni njema," akashuka. Jana yake tulikuwa tumelichimba shimo zaidi, lakini kamba ilikuwa ileile, haifiki tena chini. Yaliyofuata siyaandiki.

Unasema kila hewa humeza rangi yake ya mwanga, nanyi mnaitambua kwa mwanga uliopungua. Nimefurahi, mama. Ila koroboi ile nayo haikudanganya. Ilisema kweli ya pale ilipofika. Basi leza yako ikikuambia hewa ni safi, iulize kwanza imefika wapi.

Kamba ile bado ninayo.

Babu yako