Baba Anasubiri Uitikie

Kata ya Ntobeye,
Wilaya ya Ngara,
Kagera, Tanzania.

14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Manirakiza,

Shikamoo. Najua marahaba yako itachukua wiki kadhaa kunifikia, nami nitaipokea hata ikija imelowa mvua. Hujambo huko Winnipeg? Baridi inakufanyaje? Na kile kiuno ulichoandika kwenye kadi kwamba kinakuuma, kimepoa? Sisi hatujambo. Mama Febronia ana kikohozi cha vumbi tu. Baba anakula vizuri, ila moyo wake hauko sawa, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Namba yako ya zamani haipatikani. Anwani nimeitoa kwenye bahasha ya ile kadi yako ya Krismasi.

Mimi ni Josiane, yule uliyemwacha na miaka sita siku mabasi yalipowachukua kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole. Sasa ni mtu mzima, nina simu nzuri na nina chaneli ya YouTube. Usicheke! Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, natoka kurekodi umande unavyodondoka kwenye migomba, akina mama wakienda shamba, na zaidi ya yote Baba akiwa kibarazani na inanga yake, kile chombo chake cha nyuzi, mapajani, akiimba kwa kunong'ona. Nikimsikiliza hivyo nasahau chai jikoni mpaka inaungua. Naona kama vilima vyenyewe vinaota, nami nimo humo humo ndotoni.

Shida ni kwamba watazamaji walikuwa wachache mno. Nikaenda Lusahunga kwa kaka mmoja anaitwa Clever, mwenye kibanda cha kurekodi pale yanapopumzika malori ya Rusumo. Akanifundisha kwamba mtu akishatazama usimwache aondoke hivi hivi, mwambie afanye nini. Nikasema haya. Kwa pupa yangu nikaomba vyote kwa mpigo: laiki, shea, komenti, jiunge, bonyeza kengele. Baadaye Clever aliniambia kwamba mtu ukimwomba mambo matano hafanyi hata moja, lakini nilikuwa nimeshaharibu.

Kuharibu kwenyewe ni huku. Katika ule wimbo mrefu wa Baba, ule wa ng'ombe wanaovuka mto, katikati ananyamaza. Mikono inatulia juu ya nyuzi, anatazama pembeni kwa muda wa kama pumzi nne hivi, halafu anaendelea. Tangu nipate akili namwona akinyamaza hapo. Nikadhani ni uzee, anapumua. Basi kwenye kuhariri nikakikata kile kimya, nikaweka sauti yangu: "Usisahau kujiunga na chaneli yetu!" Tena kwa mbwembwe.

Nikamwonyesha Jumapili baada ya misa. Alisikiliza akitabasamu mpaka pale, tabasamu likaisha. Akaniambia taratibu, "Josiane, umekaa mahali pa mtu." Akainuka, akalegeza nyuzi, akaitundika inanga darini. Hiyo ilikuwa Aprili. Wiki zikapita hajaigusa, na mimi nililia, sikufichi.

Mama ndiye aliyenieleza. Kumbe pale ndipo wewe ulipokuwa ukimwitikia! Kwenu mlikotoka mpigaji hakai peke yake, ana mwitikiaji wake, na mpaka huyo aseme "Ego", yaani ndiyo, nipo, ndipo wimbo unaendelea. Anasema Lukole watu walikuwa wanakuja na vigoda vyao kuwasikiliza ninyi wawili. Ulipoondoka Baba hakutafuta mwingine. Miaka kumi na minane anakuachia nafasi yako, na mimi binti yake nikaijaza matangazo.

Nikaifuta ile video. Nikaiweka upya, kimya chake kikiwa kizima, na juu ya picha nikaandika maneno machache tu: "Hapa anasubiri kuitikiwa. Ukiweza, sema Ego, unitumie." Laiki sikuomba, kengele sikuitaja. Baba Mdogo, watu wameitika! Dada mmoja wa Kasulu karekodi huku anatwanga. Dereva wa lori kaitika akiwa Lusahunga, injini inanguruma hata Ego yenyewe unaisikia kwa shida, Baba akacheka mpaka akafuta machozi. Bibi mmoja wa Biharamulo, Domisiana, kaitika kwa sauti ndefu kama anambembeleza mtoto. Hiyo naisikiliza kila siku nikisuka ukili, na mikono inasahau inachofanya. Chaneli imekua, ndiyo, lakini nisikudanganye, nilichokitaka mimi ni inanga ishuke darini.

Imeshuka. Juzi asubuhi Baba alikaza nyuzi, akakaa kibarazani, akaanza ule wimbo. Simu nilikuwa nayo mkononi na sikukumbuka kurekodi. Alipofika pale akanyamaza. Nikafungua kinywa nimwitikie, Mama akanishika mkono. Tukasubiri. Ukungu ukapanda mpaka migombani, kuku wakapita mbele yetu, na Baba hakuendelea. Zamani aliendelea hata bila wewe, lakini nadhani zile sauti za watu zimemwamshia kiu. Akaiegemeza inanga ukutani, akasema, "Hao wote ni watu wema. Ila mdogo wangu sijamsikia." Kisha akachukua jembe akaenda shamba.

Huenda unaona aibu kwa kutotutumia zaidi ya kadi miaka yote hii. Achana nayo, hapa hakuna aliyenuna. Nakuomba jambo moja tu, na safari hii ni moja kweli. Washa simu yako, sema Ego, unitumie kwenye namba niliyoiandika nyuma ya bahasha. Hata kama sauti imezeeka, hata kama inakwaruza.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Benedicta, na mdogo wangu Joyness ambaye bado hujamwona. Nisalimie mama mdogo Diane na watoto, uwaambie wana dada huku anayewaota. Mungu awafunike kwa joto lake katika baridi hiyo.

Baba nilimuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema nisiandike chochote, yeye ameshaimba, sasa ni zamu yako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kukoma,
Josiane