Basungura ba Mapalo

Lubumbashi, commune Annexe, tarehe 6 mwezi wa pili 2024

Nono mudogo yangu,

Jambo kwako na kwa bwana yako Stanislas. Mwili inasema nini? Sisi tuko muzima, ni mugongo yangu tu inanisumbua, na mvua imeangusha ukuta ya jikoni. Hii barua namupa Pierre wa camion ya samaki, vile ulisema nisipige tena simu juu bwana yako njo anashika telephone.

Imbwa ya jirani iliingia mu lupango, mu uwanja yetu, ikauma basungura mbili ba Mapalo. Ule mweusi alichanika mugongo, ule mweupe alivunjika muguu ya nyuma. Bwana yangu alisema tubatie tu mu sufuria. Weee! Mutoto yako alilala juu yabo, akakatala kutoka. Anasema, “Mama alikuwa anachunga sungura, Mama anajua dawa yabo. Tumwandikie Mama.” Haya, sema tufanye nini. Na we mwenyewe, huu mwaka ya pili mutoto hajakuona. Utakuya lini?

Yaya yako,
Mwansa

Kasenga, tarehe 17 mwezi wa pili

Yaya Mwansa,

Jambo sana, dada yangu mukubwa, na jambo kwa shemeji. Pole na mugongo, usibebe tena ndoo mukubwa. Huku samaki iko mingi, na mimba yangu sasa inaonekana, ata viatu havinienei.

Mwambie Mapalo achemshe maji na chumvi, ipoe, aoshe kidonda asubuhi na mangaribi. Akate manyoya pembeni ya kidonda, inzi isizale mule. Muguu aifunge na vijiti na kipande cha kitenge, asikaze sana. Bakae mu carton na majani mukavu. Asibape bukari, ugali yetu ya unga! Majani mubichi tu. Na aangalie mavi yabo kila siku, sungura akiacha kunya iko nakufa.

Juu ya kuya, Yaya, unajua. Stanislas nilimwambia Mapalo ni mutoto yako wewe. Sasa nianzie wapi kusema ni wangu? Lakini mwambie mutoto Mama atakuya kuona bagonjwa bake. Itamutuliza.

Mudogo yako,
Nono

Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa tatu

Nono,

Habari ya mimba? Unakula muzuri? Mugongo yangu imepoa kidogo, aksanti.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya bote, vile tunafanya hapa kila barua ikifika. Ni ile fasi ya Stanislas tu niliruka. Bibi, ungeona huyu mutoto! Anachemsha maji, anapuliza ipoe haraka, anaweka kidole kwanza ajue kama inachoma. Anahesabu mavi kama munganga, halafu anatuletea habari mezani, sisi tunakula! Basungura bamepona. Mweupe anachechemea, lakini juzi aliruka mpaka ku bustani yangu ya sombe, akakula majani ya mihogo, nikamufukuza na kandambili.

Sasa robe yake, ile nguo ya kanisa, iko imekunjwa ku kitanda. Kila camion ikipiga honi ku barabara anakimbia ku mulango. Ulisema utakuya. Basi ukuye.

Yaya yako,
Mwansa

Kasenga, tarehe 2 mwezi wa ine

Yaya,

Jambo kwa bote. Mimi niko muzima, ni joto tu na miguu kuvimba.

Nafurahi basungura bamepona. Bon, kama bamepona nikuye kufanya nini? Mugonjwa njo anatembelewa. Kama bangekuwa bangali bagonjwa ningejikaza nikuye, lakini bantu bazima, si bangoje tu? Mwambie Mapalo asome, asikusumbue.

Mudogo yako,
Nono

Lubumbashi, tarehe 28 mwezi wa ine

Nono,

Mungu akulinde na mimba yako. Hapa amani haiko.

Ile barua yako niliisoma kwa sauti, Mapalo iko pale. Kisha siku chache, sungura mweupe akavunjika muguu ingine. Nilienda kwa jirani na hasira yangu yote. Mimi na bibi yake tulitukanana pa robinet, pale tunachota maji, mpaka bantu bakashika mikono yetu. Kumbe ile imbwa balishaiuzisha!

Jana njo nilijua. Nilisikia sungura analia, na sungura halii bure. Nyuma ya jikoni nilikuta mutoto yako na mwiko ya bukari mu mukono, na mweusi chini, muguu imelegea. Maji ya chumvi ilikuwa inachemka tayari. Vijiti na kitenge alishatayarisha pembeni. Alikuwa analia kuliko sungura. Akaniambia, “Mama Mukubwa, sasa beko bagonjwa. Andika Mama.”

Nilitaka kumupiga, nikamupokonya tu mwiko. Mweupe alikufa usiku. Nono, napiga magoti. Kuya, ata siku moja. Sema kwa Stanislas unakuya kwa munganga, sema uongo yoyote, uongo unajua sana. Kila siku ananiuliza kama Pierre alipita.

Yaya yako,
Mwansa

Kasenga, tarehe 19 mwezi wa tano

Yaya Mwansa,

Jambo. Nilizaa, mutoto mwanaume, tuko salama. Stanislas anacheza tu na furaha.

Ile umeandika ilinitia baridi. Mutoto gani anavunja mifupa ya sungura anapenda? Hiyo ni buloji, ni uchawi, Yaya, tusidanganyane. Niliuliza pasta wa huku bila kutaja jina, akasema mutoto wa vile afungiwe bila chakula na aombewe mpaka itoke. Umupeleke. Mimi na kitoto kichanga siwezi kukuya karibu naye, na kwangu hataingia. Nilishaanza maisha, musiniharibie.

Hii usimusomee.

Mudogo yako,
Nono

Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa sita

Nono,

Salamu leo sina.

Barua yako ilifika mangaribi, Pierre aliipana mbele ya bote. Bakakaa chini vile banakaaka siku zote. Mapalo alikaa mbele kabisa, na mweusi ku magoti. “Soma, Mama Mukubwa.” Nilisoma kwanza na macho. Buloji! We ulimubeba mu tumbo yako! Bote banangoja, naye ananiangalia mudomo. Nikafungua mudomo nikasoma: Nono alikufa akizaa.

Sikupanga. Lakini ilitoka, na sikuirudisha. Tuliweka matanga. Tulilala inje ku mikeka, bantu ba kanisa baliimba, ata ule bibi ya jirani alileta unga na kulia na mimi. Bwana yangu tu njo anajua ukweli, na alinyamaza. Mapalo alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha akaomba bukari, akakula sahani nzima, akaenda kubadilisha kitenge ya muguu ya mweusi. Hajamugusa tena kwa ubaya.

Usikuye. Ukisimama ku mulango huyu mutoto ataogopa, na mimi nitakufukuza. Usiandike, barua yako nitaitia ku moto bila kuifungua. Nina hasira na wewe, Nono, na nakulilia kweli, si kwa kujifanya.

Jana, akiosha muguu ya mweusi, alisema polepole, “Mama Mukubwa, basi njo maana hakukuya. Mi nilizani hanipendi.” Na akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mvua kuisha.

Mwansa,
mama ya Mapalo