Binti Yako Anajifungua Leo

Mpendwa dada Akoth,

Nakuandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Binti yako Adhiambo ameingizwa ndani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiuza makaa mtaani kwetu Silanga kabla hujaolewa, ukichekesha wateja mpaka wanasahau kuomba kupunguziwa bei? Halafu ukashika mimba, na mama mkwe wako akataka mtoto azaliwe ushago, kijijini kwao. Tulienda pamoja. Miguu yako ilivimba, kisha uso. Mhudumu wa afya wa pale kijijini alikuja, akakutazama, akasema, "Huyu aende hospitali leo, si kesho."

Mama mkwe akamjibu, "Mimi nimezaa wote hapa."

Nawe ukanishika mkono. "Ni joto tu. Tungoje."

Asubuhi yake ulishikwa na degedege. Tulikupeleka hospitali kwa pikipiki, umelala kifuani mwangu, hujitambui. Walimtoa Adhiambo akiwa mzima. Wewe hukuamka.

Nilirudi naye Silanga, nikamlea kama wangu. Wiki hii akaniambia nyanya yake, yule mama mkwe wako, anamtaka ushago akajifungulie huko. Alikuwa ameshafunga nguo. Leo asubuhi nikaona viatu havimwingii tena, nikamwita Mama Mutua, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Alimpima presha. Akapima tena. Kisha akaanza kukunja mashine yake.

"Hii si ya kungoja," akasema.

"Ni joto tu," Adhiambo akamjibu.

Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hayo yalikuwa maneno yako. Nikamketisha, nikamweleza ulivyokufa, yote, hata ile safari ya pikipiki. Akachukua mfuko wake wa nguo, akasimama.

"Basi twende."

Mvua ilikuwa imeharibu njia. Tulimshika huku na huku, tukakanyaga matope mpaka Nyayo Highrise, gari linapofika. Akauliza mbona anaona vimulimuli mchana. Mama Mutua akaongeza mwendo.

Sasa hivi nimesikia mtoto akilia. Nesi ametoka, nikamuuliza, "Na mama yake?"

"Kaa kwanza, mama. Daktari atakuja kuongea na wewe."

Mlango umefungwa tena. Mtoto bado analia.

Dada, najua umemngoja Adhiambo miaka yote hii. Ukimwona huko, usimpokee. Mrudishe kwangu.

Mimi mdogo wako.