Majibu ya Yaya Masika

Butembo, Mususa, Jumapili tarehe 8 mwezi wa sita 1997. Asubuhi ukungu na manyunyu, jua limechelewa.

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Leo mchana redio imetoa mashindano yetu ya maswali, yale tuliyorekodi mwezi wa tatu, kabla hujaenda kwa shangazi, kule Mavivi. Mama alikuwa ametangazia jirani wote. Homa ilikuua huko njia ikiwa imefungwa na askari. Hata kaburi lako Mama hajaliona. Alitaka kusikia sauti yako mara moja tu.

Unakumbuka tulivyogawana kazi? Mimi hesabu na mwili wa mutu. Wewe nchi: jina lake, mto, bendera, wimbo wa taifa. Ulinicheka: "Wewe beba mafigo, mimi nabeba Zaïre muzima."

Zaïre haiko tena, yaya. Kinshasa ilianguka mwezi uliopita, na vyote vinne vimebadilishwa. Majibu yako yaliyopigiwa makofi yamekuwa makosa. Muulizaji wa redio aliogopa askari. Hakukuondoa, alikufunika. Kila zamu yako ilipofika, iliingia sauti yake yeye: "République Démocratique du Congo! Bravo, Masika!" Kisha makofi yale yale ya mwezi wa tatu.

Mimi nilisikika vizuri. Figo. Ini. Mifupa mia mbili na sita. Nilitamani kuziba kinywa changu mle ndani ya redio.

Mama akasogeza sikio. "Lakini Masika iko wapi? Banamwita, yeye hapana jibu?"

Mama Kavira wa jirani akasema, "Amejibu, mama. Ameshinda."

"Ile ni sauti ya mwanaume. Ni mimi nilimuzaa, hapana wewe."

Tumekuwa wa kwanza, yaya.

Nilikimbilia kituo cha redio kuomba kaseti ya kwanza, yenye sauti yako. Haiko. Kaseti ni chache, muulizaji alirekodi juu yake. Akaniambia akitazama chini, "Dada, nilifikiri namusaidia Masika."

Jioni Mama aliniomba niseme kama wewe. Watu walikuwa wakichanganya sauti zetu, si ndiyo? Nikasema, "Mama, nimerudi."

"Hapana," akasema.

Njia ikipata usalama nitamleta Mama huko Mavivi, kwenye kaburi lako. Hilo naahidi, ingawa sioni lini. Pumzika, yaya wangu. Mama bado anageuka kitandani.

Naenda kulala, saa saba na robo ya usiku.