Kijiko Kwenye Sinia

Mlingotini, Bagamoyo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia haraka kabla hujashtuka kwa mwandiko huu. Ni mimi, Rajabu wako, hakuna aliyeniandikia. Goti linaendeleaje huko Ujiji? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea shangazi imesaidia, au umeiacha kabatini pamoja na zile nyingine? Na dada Mwajuma, bado anagombana na wanunuzi wake wa dagaa? Mimi mzima kwa kiasi. Hicho kiasi nitakueleza, ila nivumilie, maana karatasi mbili nimeshazichana.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini nikisikia sauti yako tu, nasema "sijambo mama, kazi inaendelea," kama nilivyosema miezi yote hii. Ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka somo wangu, yule seremala wa huku pwani niliyekuwa nikikusimulia? Hatukuwahi kuonana. Tulijuana kwenye simu, katika kundi la mafundi seremala, miaka mitatu iliyopita. Alipoona naitwa Rajabu kama yeye akaanza kuniita somo, na tangu siku hiyo hakuniita kingine. Alinitania kwamba sisi wa Mafinga tunapasua magogo tu, kiti cha mtu kukalia hatukijui. Nikimtumia picha ya kazi yangu aliikosoa mpaka nacheka peke yangu. Alipenda kutuma sauti ndefu ndefu, na kikohozi chake na kuku wa jirani humo humo. Kule Mafinga kwenye baridi nafahamiana na watu wengi, mama, lakini wa kuzungumza naye alikuwa huyo.

Halafu akawa kimya zaidi ya mwezi. Nikadhani simu imeharibika.

Sasa kaa chini, mama. Katika kimya hicho, msumeno wa kiwandani ulinikata mkono wa kulia. Vidole vinne vimekwenda, kimebaki cha gumba. Hakunisukuma mtu, nilikuwa na haraka zangu. Useremala wangu umeishia hapo. Nimewekwa getini, nalinda mbao nilizokuwa nazipasua, na ninyi nikawaambia nimepandishwa cheo, nimekuwa msimamizi. Nisamehe. Nilifikiri nitakwambia nikishazoea, na sijazoea.

Nilimwandikia somo peke yake, kwa gumba la kushoto, bandeji ikiwa bado mbichi. Safari hii alijibu. Alisema maiki ya simu imekufa, sauti hawezi kutuma tena. Zamani alikuwa akikata maneno nusu nusu. Sasa aliandika maneno kamili, na mkato na nukta mahali pake. Nikamtania kwamba amerudi shule. Utani hakuujibu, lakini mengine yote aliyajibu vizuri sana, maneno ya mtu mzima: nisiache msikiti kwa kuona aibu, nijifunze upya kufunga vifungo, nisilale mchana kutwa. Nilimtii.

Wiki mbili zilizopita nikamwandikia kwamba sioni tena sababu ya kuamka asubuhi. Jibu lilikuja pale pale: "Njoo Mlingotini. Usichelewe."

Nikaomba ruhusa nikaja. Tulipopita Kerege nilikuwa napanga jinsi nitakavyomtania tukionana. Nilipofika, dereva wa bodaboda alinipa mkono wa kuniaga, nami nikampa wa kushoto, maana wa kulia niliuficha mfukoni mwa koti, na joto lote lile. Akautazama, akauacha hewani, akaondoka. Simlaumu. Hata kwetu mtu angefanya vivyo hivyo.

Nilipokewa na mzee mrefu, kanzu imepigwa pasi. Amefundisha kushona nyavu miaka mingi katika chuo cha uvuvi pale Mbegani.

"Karibu mwanangu, karibu sana. Mimi Saidi, baba yake somo wako."

Nikamwamkia bila kumpa mkono. Hakushangaa. Nikauliza, "Somo mwenyewe yuko wapi, mzee?"

"Kwanza ule. Umetoka mbali."

Mkewe, Bi Zaituni, akatandika mkeka, akaleta sinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tangu niumie sijala na watu, mama. Nala chumbani kwa mkono wa kushoto, mlango nimeufunga, kama mwizi. Nikasema nimeshiba. Mzee alichukua birika la kunawia, akaja moja kwa moja upande wangu wa kushoto, akaumwagia maji mkono huo. Nikatazama sinia. Upande wangu kulikuwa na kijiko. Kimoja tu, na nyumba nzima wanakula kwa mkono.

Nikawaza, somo amewaambia. Niliona aibu, na nilifurahi pia. Nikala, mama. Nilikula mpaka Bi Zaituni akasema, "Mwongezee Rajabu mchuzi." Alipolitaja tu jina hilo akajifunika uso kwa upande wa khanga, akaingia ndani.

Ndipo mzee akaniambia. Rajabu wake alikufa kwa homa ya siku tatu, mwezi na zaidi kabla sijaumia.

"Na anayeniandikia?"

"Ni mimi."

Nikakisukuma kijiko kando.

"Siku ya arobaini," akasema, "tulipomaliza hitima, nilichukua simu yake nikupe habari. Natafuta maneno, ukaingia ujumbe wako, kwamba vidole vimekwenda. Sasa mwanangu, mtu wa hali ile ningemwongezea na msiba?"

Nikasimama. Nilimwambia maneno mabaya mzee wa watu, kwamba amenichezea, kwamba miezi yote nimemlilia maiti.

"Una haki," akasema. "Na mimi sikufanya kwa ajili yako tu. Kila ulipoandika 'somo', nilijiona bado ninaye. Lakini uliposema huoni sababu ya kuamka, niliogopa. Mama yako yu hai, na hajui. Mimi ninajua, na sikukuzaa. Mwandikie."

Leo asubuhi alinipeleka kaburini. Nilisoma Fatiha, nikashindwa kujua namlilia nani, yule aliyenitania au huyu aliyesimama nyuma yangu kanishika bega. Mtu mmoja niliyemtegemea hayupo duniani, na hata faraja niliyopewa haikuwa yake. Sioni kitu mbele, mama. Sisemi hivi kukutisha, nasema kwa kuwa nimechoka kukudanganya. Kwenye geti la Mafinga sirudi. Barua hii naituma kwa basi la Kigoma, nami nitafuata siku tatu baadaye.

Msalimie sana shangazi. Mwambie dada Mwajuma kile kitanda cha harusi nilichomwahidi akitafutie fundi mwingine, na asinikasirikie. Mjomba Idi aliyenifundisha kushika randa usimwambie chochote, nitamwonyesha mwenyewe. Mzee Saidi na Bi Zaituni wanakusalimu. Bi Zaituni anaomba nikiwa huko nimpigie simu mara moja moja, hata kama sina la kusema, alisikie jina la mwanawe likitajwa.

Najua siku nitakayofika watu watajaa uani, na mtatandika mkeka. Usilie mbele yao, mama, na usinilishe. Niwekee tu kijiko upande wangu, kabla sijaketi.

Mwanao,
Rajabu